Upande Aliotazama Rehu

Wifi yangu Satip alikuwa fundi wa nyumba za wafu, na mpaka siku tulipomzika mume wake sikuwahi kumwona akihangaikia jambo zaidi ya moto wa tanuri. Nyumba zake zilikuwa za udongo, ndogo za kubebwa mikononi, zina ukumbi na nguzo na ngazi ya kupandia darini, na uani zimepangwa mikate na bata na paja la ng'ombe, vyote kavifinyanga kwa vidole vyake. Kila aliyefiwa kijijini alikuja kwake kuchukua moja ya kuweka juu ya kaburi, ili maji yakimiminwa uani yapite kwenye mfereji mpaka kwa marehemu. Alifinyanga akiimba. Nilimwambia anaimba vibaya, akanijibu kwamba wateja wake hawajawahi kulalamika.

Mumewe, Rehu, alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Alianguka kutoka juu ya mtende wakati wa kuvuna, akalala ndani siku chache akikohoa damu, akatutoka. Mafundi wa magadi wakamchukua, wakamkausha, wakaturudishia akiwa amezongwa kitani kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo. Tukamlaza kwenye jeneza kama inavyotakiwa: kwa ubavu wa kushoto, kichwa juu ya mto wa mti, na uso umeelekea pale mchoraji alipochora macho mawili ubavuni mwa jeneza. Mfu huona kwa macho hayo. Jeneza likiingia kaburini kichwa kaskazini, macho yanaelekea mtoni, na ng'ambo ya mto ndiko jua linakochomoza. Asiyeliona jua likichomoza hainuki. Analala moja kwa moja, na huko kulala moja kwa moja ndiko tunakokuogopa, kwa sababu mtu akifa mara ya pili hakuna tena wa kumwita.

Shimo letu la ukoo ni refu kwenda chini, na chumba kimechongwa pale chini upande wa kaskazini. Siku ya mazishi Dedu mchimba makaburi na wenzake walishusha jeneza kwa kamba, likakwama katikati. Wanawake tukaacha kulia, tukabaki tumetoa macho. Dedu akatukana, akaona kuhani anamtazama, akanyamaza. Wakalivuta juu, wakalizungusha, wakalishusha tena, mara hii likafika. Tukasikia linaburutwa chumbani. Kuhani akasema maneno yake, mikate elfu, bia elfu, ng'ombe na bata kwa roho ya Rehu, na sisi tulikuwa na mikate michache tu kwenye kikapu, lakini ndivyo inavyosemwa. Shimo likajazwa kokoto.

Kesho yake asubuhi Satip alinikuta nakanda unga. Hakusalimu.

"Wifi, jana ulichungulia shimoni?"

"Nilikuwa nalia. Nichungulie nini?"

"Mimi nilichungulia. Nilitaka kumwona mara ya mwisho. Lile jeneza lilipokuwa linaingia chumbani, ncha iliyobaki huku nje ilitakiwa iwe na picha gani?"

"Makubadhi. Si ndo wanayochora miguuni?"

"Mimi sikuona makubadhi, Henut. Niliona mto wa mti."

Nikaacha kukanda. Mto wa mti huchorwa kichwani. Kama kichwa ndicho kilichobaki nje, basi miguu ndiyo iliyotangulia kuingia, na kaka yangu kalazwa kinyume.

"Chini kule kulikuwa na vumbi," nikamwambia. "Na macho yako yalikuwa yamevimba. Mtu aliyelia tangu alfajiri anaona anachotaka."

"Nani anataka kuona hivyo? Tumemlaza Rehu analipa jua kisogo."

Nilimfukuza nikamwambia akalale. Lakini unga ule niliukanda mpaka ukawa mgumu kama ngozi, na mikate yake hata mbuzi aliinusa akaondoka.

Tulimwendea Dedu pamoja. Alikuwa kivulini ananoa patasi, mtu mnene mwenye vidole vilivyopinda kwa kushika kamba.

"Mama Teti," akasema kabla hatujaketi, kwa kuwa binti wa Satip anaitwa Teti, "najua kinachokuleta. Jeneza lilikwama, aibu ni yangu, nimeshaomba radhi kwa marehemu."

"Baba Dedu, kilitangulia kichwa au miguu?"

"Kichwa. Siku zote kinatangulia kichwa."

"Ulikiona?"

"Mle ndani giza, nikione kwa kitu gani? Mtu anajua tu. Nimezika watu tangu wewe hujaota meno."

"Na mlipolivuta jeneza juu mkalizungusha, mkarudisha ncha ileile?" nikauliza mimi.

Akaacha kunoa. Akatazama patasi, akatazama kilima.

"Bia ya msiba ulikunywa kabla ya kushuka au baada?" nikamwuliza tena.

"Henut, huo mdomo wako ndo maana hukuolewa mara ya pili." Akakuna shingo. "Kabla. Na baada."

Satip akamshika mkono. "Lifungue, baba. Ondoa kokoto, tazama tu, rudisha."

"Nifungue kaburi ambalo halina maiti wa kuingia? Wanaofanya hivyo wanaitwa wezi, mama, na wanakatwa pua. Hii pua mbaya lakini ndiyo niliyo nayo." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Kalale. Kalazwa sawasawa. Lazima kalazwa sawasawa."

Hiyo lazima ndiyo iliyomwondolea Satip usingizi. Mtu mwenye hakika haisemi.

Nyumba ambayo Satip alimfinyangia Rehu ilikuwa upande wa shimo unaoelekea mtoni, mlango ukielekea jua. Akaanza kuwaza: kama anatazama jangwani, chakula kiko nyuma yake. Anasikia jina lake likiitwa, anasikia maji yakimiminwa, na haoni kitu. Akaihamishia nyumba upande wa jangwa. Siku ya pili akawaza: na kama Dedu alisema kweli? Basi chakula sasa ndiyo kiko nyuma. Akairudisha. Mwishowe alifinyanga ya pili, akaweka moja huku na moja kule, akawa anapanda kilimani na vikapu viwili, anamimina maji huku, anazunguka shimo mbio, anamimina kule, anaita jina lake mara mbili ili asikose.

Kijiji kilivunjika mbavu. "Kumbe Rehu kaoa mke wa pili huko chini, kila mmoja na nyumba yake?" Wanawake wa kisimani walimwuliza mimba ya mke mwenzie inaendeleaje. Mimi niliwatukana wote kwa majina, na baadhi yao kwa majina ya mama zao, lakini sikuweza kumwambia Satip aache. Nilijaribu mara moja.

"Wifi, unga wenu unakwisha. Teti anakonda."

"Kaka yako ndiye anayekonda," akanijibu.

Kisha nyumba zikaanza kupasuka tanurini. Moja, halafu nyingine, halafu tanuri zima. Ni udongo ambao haujakauka vizuri; Satip alikuwa akiufinyanga kwa haraka na kuuchoma kwa haraka, mawazo yako kilimani. Nilimweleza hivyo. Yeye akasema ni Rehu, amekasirika, anavunja nyumba za wengine kwa sababu yake haioni. Mbuzi akakauka maziwa, ni Rehu. Teti akashikwa na homa, na hapo hata mimi nikaacha kubisha. Wafu waliotupwa wanajua njia ya nyumbani, na wanaanza na watoto. Nilipanda kilimani peke yangu, nikasimama juu ya zile kokoto, nikamwambia kaka yangu, "Mwache mtoto. Wa kulaumiwa ni mlevi Dedu, kamshike yeye." Teti alipona, Dedu akaumwa jino mpaka shavu likavimba. Sisemi kitu juu ya hilo.

Mama yetu, bibi Hetepi, alikuwa ametazama hayo yote kutoka kwenye mkeka wake bila kuingilia. Alikuwa mzee mkali, na mto ulipoanza kujaa alijua hatauona ukipungua. Alituita.

"Mimi mtaniweka upande wa mto," akasema. "Mbele kabisa. Nimekaa nyuma ya watu maisha yangu yote, sitaki mgongo wa mtu mbele yangu kwa milele."

"Sawa, mama," nikasema.

"Na wewe, mwanamke," akamwambia Satip, "nikifa shimo litafunguliwa. Utashuka. Utaona. Halafu utaacha kumlisha mwanangu bila kumlisha mjukuu wangu."

Satip akamwangukia miguuni akalia. Nadhani mama ndiye mtu pekee niliyemjua aliyepanga kufa kwake kama anayepanga shughuli ya jirani. Alikufa mto ulipofika kwenye ukuta wa bustani.

Alipotoka kwa mafundi wa magadi, Dedu akaondoa kokoto. Desturi ni wanaume kushuka na wanawake kulia juu. Satip alifunga nguo kiunoni, akaishika kamba. Kuhani akafungua mdomo kumkataza, akautazama uso wake, akaufunga. Mimi nilishuka kwa sababu niliona aibu kubaki. Harufu ya mle, ya vumbi na ubani wa zamani, nilikuwa nayo puani kwa siku nyingi.

Dedu alitangulia na taa. Aliinua, na kabla hajasema tuliona. Ncha ya jeneza iliyotuelekea ilikuwa na mto wa mti. Macho mawili yaliyochorwa ubavuni yalikuwa yametazama mwamba wa upande wa jangwa, kwa karibu kabisa, kama mtoto aliyesimamishwa ukutani kwa utundu.

Satip hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilijua," na nilitamani angekuwa mwongo.

Dedu akaiweka taa chini. Akaita wenzake, wakalivuta jeneza mpaka chini ya shimo. Pale ni pembamba, jeneza halizunguki likiwa limelala, kwa hiyo wakalisimamisha. Walipokuwa wanalizungusha tulisikia ndani kitu kizito kikibiringika, kikagonga ubao, kikatulia.

Kaka yangu aligeuka ndani ya jeneza lake mbele ya masikio yetu.

"Hata siku ile alifanya hivyo," akasema Dedu. Sauti yake ilikuwa ndogo kama si yake. "Siku ya mazishi. Tulipolizungusha kule juu. Nikadhani ni kamba zinasugua."

Nilichelewa kuelewa, Satip alielewa pale pale. Kama Rehu alibiringika siku ile, basi alikuwa amelala kwa ubavu wa kulia, na jeneza lililowekwa kinyume lilimfanya atazame mtoni. Miezi yote ile alikuwa akiliona jua. Na sisi sasa tumelizungusha jeneza, naye akabiringika tena. Amerudi ubavu wa kushoto, sawasawa na macho? Au amelala chali? Au siku ile hakugeuka vya kutosha, na leo ndiyo tumemgeuzia jangwani?

"Lifungue," nikasema. "Tumtazame, tumlaze, yaishe."

Dedu akaweka mkono kwenye vigingi vya kifuniko.

"Usiguse," akasema Satip.

"Wifi, si ulitaka kuona?"

"Maneno ya kuhani yamefungiwa humo pamoja naye. Ukifungua yanatoka. Atabaki nyama na kitani." Akauondoa mkono wa Dedu. "Mkirudisha kichwa ndani, macho yatakayotazama mtoni yatakuwa ya jeneza. Yeye sijui. Hakuna anayejua."

Wakaliingiza, kichwa mbele, mara hii makubadhi yakabaki upande wetu, tukayaona wote. Mama akashushwa, akawekwa upande wa mto, mbele kabisa, kama alivyoagiza. Dedu alipogeuka kuchukua taa, Satip alikuwa hayupo.

Alikuwa amepenya nyuma ya jeneza la Rehu, kwenye ufa kati ya jeneza na mwamba wa upande wa jangwa, akalala chini kwa ubavu wa kushoto. Mtu hai, kaburini, amelala. Wenzake Dedu walipanda kamba kama nyani. Dedu akabaki na meno yanagongana.

"Mtoe huyo mwanamke, Henut. Mtoe, tafadhali."

"Satip," nikaita. "Toka humo, unamtia mkosi mtoto."

"Nafasi ipo," akasema kutoka nyuma ya jeneza.

"Nafasi ya nini?"

"Yangu. Siku yangu ikifika. Kama anatazama jangwani, atakuwa ananitazama mimi. Mimi nitakuwa natazama mtoni. Kukicha nitamwambia. Na kama anatazama mtoni, basi nitakuwa mgongoni kwake, si ndivyo tulivyolala siku zote?"

"Jeneza lako haliingii hapo. Paka haingii hapo."

"Sitaki jeneza. Mkeka unatosha."

Hapo nilishikwa na hasira, na nyuma ya hasira kulikuwa na hofu. "Na macho utayapata wapi? Mtu wa mkeka hana pa kuchorewa macho. Utamwambiaje kumekucha na wewe mwenyewe kipofu?"

Mafuta ya taa yalikuwa yanaisha.

"Utanichorea wewe kwenye mkeka," akasema.

"Mimi? Nikichora bata watu wanadhani ni kiatu."

Akacheka. Mle ndani, nyuma ya jeneza la mumewe, wifi yangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu msimu wa tende, na Dedu akaacha taa na kupanda kamba bila kutusubiri.

Niliapa pale pale kwamba nitamlaza hapo na kumchorea macho, kwa jina la mama aliyekuwa hajatimiza hata nusu siku mle ndani. Baada ya hapo Satip aliondoa ile nyumba ya upande wa jangwa, akabakisha moja, akarudi kuimba vibaya, na tanuri likaacha kupasua vyombo. Mbao alizokuwa ameweka za jeneza lake alimpa Teti alipoolewa, akatengenezea kitanda. Watu walishangaa mwanamke gani anagawa jeneza lake. Kila mara mto ulipofurika alijipima mabega kwa kamba aliyopimia ule ufa, na ikionekana inakaza aliacha kula mikate ya mafuta. Nilimtania kwamba ndiye mjane pekee anayekonda ili apate mume.

Lakini mimi hofu yake ilinihamia. Yeye alishaweka lake moyoni, akalala usingizi. Mimi nilianza kuwaza. Mtu akizikwa kwa mkeka, bila ubao, bila rangi, atadumu? Aliyejikosesha macho kwa ajili ya mwenzake, Bwana wa Magharibi, anayewahukumu wafu, atamhesabu mwema au mjinga? Nilijifunza kuchora macho kwenye vigae, kisirisiri, kwa masizi na gundi ya mgunga. Yalikuwa mabaya yote.

Satip alikufa kwa kifua, msimu wa kupanda. Dedu alikuwa ameshatangulia, na aliyefungua shimo ni mkwewe, kijana asiyekunywa, ambaye nilimsumbua kwa maswali mpaka akaomba nimruhusu apumue. Nilishuka na magoti yangu ya kizee. Niliuchora mkeka kabla hawajampenyeza, pale uso wake ulipokuwa. Jicho la kushoto likatoka kubwa kuliko la kulia, na la kulia likatiririka masizi kidogo chini, kama linalia. Hapakuwa na mkeka mwingine. Aliingia kwenye ufa ule bila kukwaruzika hata bega moja, akalala na uso umegusa ubao wa kaka yangu.

Tangu hapo mimi ndiye nisiyekaa nikatulia. Jicho moja kubwa na jingine linalotiririka vinaona? Nikimwuliza kuhani ananiambia nipumzike. Teti ananiambia mama aliyapenda, kwamba angecheka. Huenda. Kucheka si kuona.

Kwa hiyo napanda kilimani kila asubuhi kabla jua halijatoka ng'ambo. Naweka mkate kwenye ua wa ile nyumba ya udongo, namimina maji, nasema mikate elfu, bia elfu. Simwiti Rehu, yeye ana mtu wake wa kumwita. Nasubiri mpaka mwanga ugonge kokoto, hapo naita kwa nguvu, endapo yale macho niliyoyachora hayafai kitu. Siku magoti yakikataa namtuma Teti, lakini hata nikiwa kitandani nageuka upande wa mtoni na kusema hivyohivyo: Satip, kumekucha. Mwambie kaka.